Pepo wa Ploti ya Morris

Mukai alikufa ameshika ukuta. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, maji ya mtaro yakaingia ndani, naye akatoka pekupeku kumwaga beseni. Akateleza, akaweka mkono kwenye ukuta wa mabati asianguke. Hakuanguka. Mabati yalimshika. Kavetsa, jirani yake wa mlango wa pili, alimwona akitetemeka, ulimi umebanwa na meno, mpaka mtu akaja na mti wa ufagio na kumbandua.

Kila mpangaji alijua. Waya wa sambaza, stima ya wizi aliyoivuta Morris, mwenye ploti, ulipita juu ya paa ukiwa umechunika. Walikuwa wamemwambia. Alisema ataleta fundi.

Kavetsa aliandika hadithi za kutisha. Alianza alipofutwa kazi ya kufua katika fleti za Nyayo Highrise, akawa hapati usingizi. Aliona heri aogope maiti za kubuni kuliko kuogopa kesho. Aliziandika kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na Ian, kijana mwenye studio ndogo kule mtaani Kongo, Kawangware, akazisoma kwa sauti yake nzito na kuziweka mtandaoni. Hazikumtajirisha. Zilimlisha, zikamsimamisha, na watu wakaanza kumwita mwandishi.

Juma alilozikwa Mukai, Kavetsa aliandika kifo chake. Hakupanga, kilimtoka tu. Mvua, beseni, waya.

"Ni kali," Ian alisema, wameketi studio katikati ya mablanketi yaliyotundikwa kuzuia kelele. "Lakini waya inaua story. Hiyo ni habari ya saa moja. Toa waya, weka kitu ndani ya ukuta."

"Kitu gani?"

"Wewe ndio mwandishi. Mtu alizikwa hapo, mkono yake inatoka. Sijui."

Kavetsa alifungua simu. Kisha akautoa waya, akauweka mkono ukutani. Ilikuwa kazi nyepesi kuliko alivyodhani, na akiwa njiani kurudi nyumbani Kibera alijisikia vibaya kwa sababu hiyo hasa.

Hadithi ilivuma. Vinyozi waliiweka kwa spika. Watoto wakaanza kupita mbali na mlango wa Mukai.

Kaloki, mume wa marehemu, alipokwenda kushtaki kwa chifu, alimwomba Kavetsa aje kuwa shahidi. Walimkuta Morris ameshakalishwa, soda mkononi.

"Pole sana, ndugu yangu," Morris alimwambia Kaloki. "Lakini stima yangu iko sawa. Ile nyumba ndio iko na mambo. Nimeita hadi pasta aiombee. Ama sio hivyo, Madam Kavetsa? Si ni wewe ulituambia?"

Chifu akatabasamu. "Hata bibi yangu ameisikiza. Alilala na taa."

"Ile ni story tu, chifu. Nilitunga. Ni waya ilimuua, nikiona na macho yangu."

"Kwa hivyo umekuwa ukidanganya watu," chifu alisema taratibu. "Sasa mimi nitajuaje hata hii si story?"

Morris akanywa soda yake.

Nje, Kaloki alisimama kando ya ua, kofia mkononi. Hakuwa na hasira usoni, ingekuwa afadhali.

"Uliona vile alikufa," alisema.

"Niliona."

"Si ungemwacha tu akufe vile alikufa."

Mwisho wa mwezi Kaloki aliwapeleka watoto kwa nyanya yao Kitui, naye hakurudi. Kavetsa aliandika upya hadithi ile, waya ukiwemo, jina la Morris likiwemo, akaiweka mtandaoni mwenyewe. Wachache walioisoma walimuuliza ule mkono utarudi lini.

Nyumba ilikaa tupu mpaka Morris alipopunguza kodi. Ndipo akaja Eddah, mtoto mgongoni, godoro kichwani. Kabla hajafungua mlango, alimgeukia Kavetsa.

"Sista, niambie ukweli. Watu wanasema hapa kuna pepo."

"Hakuna pepo. Mimi ndiye nilimtunga." Kavetsa alimshika mkono. "Ni stima. Waya unagusa mabati. Mama aliyekaa hapa aliuawa nayo, nikimwona. Mvua ikinyesha huu ukuta unaua. Tafuta kwingine, tafadhali."

Eddah alishusha pumzi ndefu. Mabega yake yakalegea, akacheka.

"Stima tu? Asante Yesu! Ningefanya nini na pepo, na huyu mtoto? Stima tumezoea. Hata kule Kawangware tulikotoka ilikuwa hivyo. Na hii bei, sista, nitaipata wapi?"

Akaingia. Muda si muda Kavetsa alisikia msumari ukigongwa ukutani. Kila pigo lilitikisa mabati mpaka upande wake, na kila pigo mtoto alicheka.