Papasi wa Nyumba ya Harusi

Homa ya Rabiata ilipopoa mara ya kwanza, watu walishukuru Mungu na ubani ukachomwa. Iliporudi, shingo ya mtoto ilikakamaa na mdomo ukaenda upande. Hapo mama yake, Echata, hakungoja shauri la mtu. Alimkimbiza kutoka kijiji cha Boanamary hadi hospitali ya mjini Mahajanga, dada yake Nadjati akimfuata.

Daktari wa Kimalagasi alimpima mtoto, akasema kwinini, dawa ya malaria aliyopewa nyumbani, haikusaidia kitu.

"Alilala wapi? Chini? Kuna papasi?"

Echata alimtazama dada yake. Echata alikuwa amekuja Boanamary kutoka Marodoka, kule kisiwa cha Nosy Be, kwa harusi ya binti wa Nadjati, na wageni walilazwa mikekani juu ya sakafu ya udongo. Kabla ya kupambazuka aliwaona papasi kwa macho yake, wamevimba damu, wakirudi kwenye nyufa za ukuta. Lakini kwa Wangazija kama wao, nyumba ni ya mwanamke, na aibu ya nyumba ni yake. Serikali ya Wafaransa ikisikia, watu wa afya watakuja na pampu zao za dawa ya wadudu, vyombo vya harusi vitatupwa uani, mtaa mzima utacheka. Heshima hii, jamani, imeshazika watoto wangapi?

"Hakuna papasi," Nadjati akajibu haraka.

"Kama ni papasi, ugonjwa umeshapanda kwenye ubongo," daktari alisema. "Dawa ni penisilini, na niliyo nayo ni kidogo. Siwezi kubahatisha. Niambieni kweli."

Rabiata aliguna, jicho moja likikataa kufumba.

"Wapo," Echata akasema. "Nyumbani kwa dada yangu. Nimewaona."

Nadjati alijitanda shiromani yake, akatoka. Echata alijua amempoteza dada. Alilia huku mtoto akipigwa sindano, na daktari akimwonya: watoto walale kitandani, mbali na ukuta, na nyufa zizibwe.

Kesho yake mlango wa wodi ulifunguliwa. Nadjati alisimama pale, jasho linamtiririka, mgongoni kambeba kitinda mimba wake, Elamine, anachemka kwa homa.

"Huyu homa imemrudia mara ya tatu," alimwambia daktari. "Nilikuwa nangoja harusi ipite."

Echata akamsogeza Rabiata, akampisha mtoto wa dada yake kitandani.