Namba ya Siri ya Mzee Baqir

Tangu pensheni za serikali zianze kulipwa kwa kadi, Mzee Baqir, mwalimu mstaafu, alikuwa akienda mwenyewe kwenye mashine ya benki. Namba ya siri hakumwambia mtu, hata mkewe Narjis. Kisha kiharusi kikamchukua mkono wa kulia na usemi wote.

Dawa zilipokwisha, Narjis alimuuliza namba. Mzee aliugeuza uso ukutani, na Narjis akadhani haelewi. Basi akaenda kubahatisha. Alitia mwaka waliooana, kisha mwaka aliozaliwa binti yao Arwa, kisha mwaka Baqir alioanza kazi. Mashine ikaimeza kadi.

Karani wa benki alimsikiliza kwa adabu. "Pole, Bi Narjis. Lazima mwenyewe aje, aombe kadi nyengine kwa kinywa chake."

"Mwanangu, angekuwa anasema, mie ningekuja hapa?"



Nyumbani alimweleza mumewe bila ya kumlaumu. Mzee akalia. Akaushika mkono wa mkewe kwa mkono wake wa kushoto, na kwa kidole akaandika kiganjani tarakimu nne, polepole.

Ulikuwa mwaka waliomzika Muhannad, mtoto wao wa kwanza. Tangu maziko yale Baqir hakuwahi kulitaja jina lake, na Narjis, miaka yote hiyo, alimwekea kinyongo akidhani kamsahau.

"Baba Muhannad," alimwita. Midomo ya mzee ilitikisika, lakini sauti haikutoka.