Folda ya Luqmani

Nilimchukia Luqmani tangu wiki yake ya kwanza, na sababu haikuwa mbali. Ofisi yetu pale Msamvu ilikuwa na nafasi moja ya ajira ya kudumu, nasi waandishi wa programu wa muda tulikuwa wawili.

Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa Java wa chama cha wakulima wa viungo wa Mkuyuni. Mfumo wa aina hiyo ukikamilika hufungwa kuwa kifurushi kimoja. Wakati wa kuutengeneza tunauacha umetandazwa kwenye folda iliyo wazi ndani ya seva, ili ukibadilisha ukurasa uuone papo hapo. Ila kazi yenyewe unaifanya kwenye folda ya chanzo, halafu programu ya kujengea mifumo, Maven, inainakili kwenda huko.

Kompyuta ya Luqmani ilikuwa kimeo. Maven ikianza, yeye anakwenda kunywa chai na kurudi. Siku moja nikajitia huruma.

"Achana na chanzo," nikamwambia. "Fungua folda ya kwenye seva, hariri humo humo."

"Dada Judith, umeniokoa!"

Sikumwambia kuhusu amri ya kusafisha, ambayo hufuta folda ile yote na kuijaza upya kutoka kwenye chanzo. Bosi wetu, Frank, huiagiza siku ya maonyesho kwa wateja tu. Kwa wiki tatu Luqmani alihariri humo humo kwa raha zake. Ukurasa wake wa kuandikisha wakulima ulitoka mzuri kuliko wangu, na hilo liliniuma sana.

Siku ya maonyesho wakulima waliingia saa tatu asubuhi. Mama yake Luqmani, Bi Mwanahawa, alikuwa miongoni mwao, kavaa kanga mpya. Luqmani akaenda kumtafutia kiti.

"Judith, safisha, jenga upya, tuanze," Frank akasema.

Ningeweza kumwomba asubiri Luqmani anakili kazi yake. Ingetosha dakika moja. Nikabonyeza, na sitawadanganya, nilifurahi.

Luqmani akasimama mbele ya watu, akafungua ukurasa wake kwenye projekta. Ukutani palitokea weupe mtupu. Akafungua tena, jasho likimtoka.

"Asubuhi ulikuwepo, bosi. Wallahi ulikuwepo."

Frank akaangalia kwenye chanzo. Hapakuwa na kitu.

"Wiki tatu ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nahariri kwenye folda ya seva."

"Nani alikufundisha upuuzi huo?"

Luqmani akanitazama. Nikainamia kompyuta yangu.

"Nilijiamulia mwenyewe," akajibu.

Frank akamwambia akusanye vitu vyake, mbele ya wakulima wote. Wengine walicheka. Bi Mwanahawa alikuwa anajifutafuta uso kwa ncha ya kanga.

Nilikutana naye mlangoni wakati wanatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Judith?" Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mwenzio anakusifu kila akija nyumbani. Anasema hapa ni wewe tu uliyemjali. Sasa mwanangu, usimchoke. Ukipata nafasi, mfundishe tena."

"Nitamfundisha, mama," nikamjibu, huku Frank akiniita ndani nikasaini mkataba.