Teopista Alivyokataa Kuunga Mashine

Mashine ilishushwa kijijini Mulanda, upande wa Uganda, kwa kamba na makelele, wanaume wakihimizana kama wanaoteremsha ng'ombe mkaidi kutoka kwenye lori. Ilikuwa mashine ya kuranda mbao, chuma kitupu, nzito, na Oboth alikuwa ameinunua Busia upande wa Kenya kwa seremala aliyekuwa akifunga karakana yake. Oboth alikuwa ameranda mbao kwa mkono tangu ujana wake, mpaka bega lake la kulia likawa limeshuka chini ya la kushoto. Siku hiyo alizunguka ile mashine akiipapasa. Kisha akawageukia majirani.

"Jumamosi mje. Binti yangu ataiwasha."

Binti mwenyewe, Teopista, alikuwa Busia akifanya kazi ya kutandaza nyaya majumbani: taa, swichi, soketi, pasi ya fulani inayorusha fyuzi. Alikuwa fundi mzuri na wenye nyumba walimwita tena. Lakini babake hakuwa na haja ya maelezo hayo yote. Kwake Teopista alikuwa fundi umeme, basi, na umeme ulikuwa kitu kimoja tu, kama maji.

Teopista alifika Ijumaa alasiri, akasalimia, akanywa maji, akaenda karakanani. Laini ya fezi tatu, umeme wa mashine kubwa, ilikuwa imeshaletwa, kwa sababu ilipita hapo ikielekea kwenye kinu cha mahindi cha jirani, na mita mpya ilikuwa ukutani. Alichuchumaa, akafungua kifuniko cha kisanduku kilichokuwa ubavuni mwa mota. Akakuta ncha sita za nyaya. Rangi zake zilikuwa zimefifia zote zikafanana, na kibati cha maelezo kilikuwa kimesuguliwa mpaka herufi zikabaki nusunusu.

Chuoni walifundishwa fezi tatu. Mwalimu aliichora ubaoni, na mota ya mazoezi ilikuwapo, moja tu, wanafunzi wakipokezana kuitazama. Aliukumbuka mchoro. Lakini mchoro ule ulikuwa na herufi, na nyaya hizi hazikuwa nazo.

Babake alikuja akasimama nyuma yake. Alikuwa ameshaanza kazi mwenyewe: kebo ilikuwa imepigiliwa ukutani kutoka kwenye mita hadi karibu na mashine, imenyooka kama uzi, kazi ya seremala kweli.

"Baba, kebo hii amekuchagulia nani?"

"Mwenye duka. Kwani mbaya?"

"Ni ya soketi za nyumba. Mashine hii ikivuta umeme, kebo itachemka mpaka iyeyuke."

"Basi tutanunua nyingine. Hilo dogo. Wewe unga, kesho watu wanakuja."

Teopista alizitazama tena zile ncha sita. Angeweza kubahatisha. Alijua kwamba nyaya za mota ya namna hiyo huunganishwa kwa njia mbili, na pengine ile ambayo angeichagua ingekuwa sawa. Babake asingejua tofauti. Majirani wasingejua. Aliufikiria mkono wa babake ukiwa umeegemea kile chuma, viatu vyake vikiwa juu ya sakafu ya udongo ambayo mvua ikinyesha hulowa. Akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mimi siwezi kuiunga, baba."

Oboth alicheka, akidhani ni utani. Alipoona binti hacheki, akamkaribia.

"Huwezi, au hutaki?"

"Sijui. Nyumba nazijua. Hii siijui. Nikikisia nitaunguza mota, au chuma chote hiki kishike umeme wewe ukiwa umekigusa."

"Na chuo chote kile?"

"Nilisoma, lakini sijawahi kuifanya kwa mkono wangu. Anahitajika fundi wa mashine."

"Nimeshawaambia watu, Teo."

"Waambie nimekataa mimi."

Babake alitoka. Jioni mamake, Acen, aliandaa ugali wa mtama na kunde, na Oboth akamega matonge mawili akaacha. Alisema atamwita kijana wa kinuni, ambaye hakusoma chuo chochote na bado anaunga.

"Anaunga nini?" Acen aliuliza. "Kinu kile si kila mwezi kinafuka moshi?"

"Afadhali anayejaribu."

"Hata wewe ulikataa kulijaribu paa la kanisa. Ulisema mbao ndefu namna ile hujawahi kuzipandisha, waite mafundi wa Tororo. Nani alikucheka?"

"Lile lilikuwa paa, mama Teo."

"Haya. Na hii ni mashine."

Oboth alinawa mikono akaenda kulala. Teopista alibaki akikusanya vyombo. Moyo ulimwuma, si kwa sababu babake alikasirika, bali kwa sababu alimwona ameaibika, na aibu hiyo yeye ndiye aliyemletea.

Asubuhi watu walikuja kweli, baadhi yao na viti vyao. Oboth alisimama mlangoni pa karakana amevaa shati lake la Jumapili.

"Mashine haiwaki leo," alisema. "Fundi amekataa."

"Fundi yupi? Si binti yako?" mmoja akauliza.

"Huyo huyo."

"Kumbe ni wa taa tu!"

Walicheka, bila ubaya mwingi. Teopista alikuwa akipita na birika la chai. Aliendelea kumimina. Hata yule aliyesema alimmiminia, akamwuliza kama anatumia sukari. Chai ilipokwisha, alipanda boda boda akaenda mjini Tororo.

Huko alimtafuta mzee mmoja aitwaye Ecweru, anayetengeneza mota za vinu nyuma ya soko, ambaye wauzaji wa vifaa vya umeme walikuwa wakimtaja kila mara. Alimkuta ameketi katikati ya nyaya za shaba. Ecweru alikuwa Mteso, Kidhopadhola chake, lugha ya kwao Teopista, hakikufika mbali, basi wakazungumza Kiswahili cha mpakani.

"Wewe nafanya stima pia?" alimwuliza baada ya kumsikiliza.

"Ya nyumba, mzee."

"Na uliacha hiyo waya bila kugusa?"

"Niliacha."

"Vizuri. Mimi nachoka kutengeneza zenye zimeguswa. Jumatatu nakuja. Na wewe kaa huko, nataka mtu wa kushika."

Jumatatu alifika na begi zito. Kwanza hakugusa mashine. Aliifuata kebo ya ukutani kwa kidole mpaka mwisho.

"Mzee, nani alipigilia hii?" alimwuliza Oboth.

"Mimi," Oboth akajibu, akijikaza.

"Imenyooka sana. Lakini ni ya balbu. Toa."

Oboth aliitoa mwenyewe, msumari kwa msumari. Wakaweka kebo nene, wakaweka swichi ya kuwashia yenye kinga ya kukata umeme mota ikilemewa, na Teopista akagongomelea nondo ya shaba ardhini nje ya ukuta, kisha akaiunganisha kwa waya na mwili wa mashine, ili umeme ukivuja ukimbilie ardhini. Kazi hiyo aliijua, na Ecweru hakumsimamia. Kisha mzee akazipima zile ncha sita kwa mita yake ya mkononi, moja baada ya nyingine, akimwonyesha binti kila jozi na kumfanya arudie.

"Watu wengi wangefunga hivi," alisema, akizishika kwa namna moja. "Kwa hii mota, ingeungua kabla watu hawajamaliza kupiga makofi."

Oboth alikuwa karibu, akasikia. Aliketi juu ya gogo.

Kabla ya kuwasha, Ecweru aliuvua mkanda unaozungusha visu. Akabonyeza. Mota ikaunguruma, ikazunguka, na Oboth akainuka. Lakini mzee alizima papo hapo.

"Mota nazunguka nyuma. Mnaona? Ingetupa mbao kifuani mwako." Akazima swichi kuu ukutani, akaifunga kwa kufuli, akampa Teopista ufunguo. "Mwenye kushika waya ndiye nakaa na ufunguo. Badilisha ncha mbili za laini. Zozote."

Teopista alipima kwanza kuhakikisha umeme haupo, akalegeza skrubu, akabadilisha, akakaza. Safari hii mota ilizunguka ilikotakiwa. Mkanda ukarudishwa, na Oboth akasukuma ubao wa mvule taratibu. Ukatokea upande wa pili laini, unanukia, na yeye akapitisha kiganja juu yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hakukuwa na watu. Alikuwapo Acen tu, amesimama na ungo wake.

Kesho yake Oboth alimsindikiza binti hadi mahali pa boda boda.

"Zile nyaya mbili," baba akasema ghafla. "Kuzibadilisha tu, mota inageuka. Kwa nini?"

Teopista alianza kueleza jinsi zile fezi zinavyofuatana, moja baada ya nyingine, kama watu wa zamu. Akafika mahali akakwama.

"Hapo mbele sipajui vizuri, baba. Nitamwuliza mzee Ecweru. Ameniambia nirudi kwake nikipata nafasi."

"Muulize," Oboth alisema. "Halafu unipigie."