Barua ya Kwanza ya Nadirah

Kila Novemba watoto wetu waliwaandikia wafadhili barua za shukrani, na kila Novemba mimi ndiye niliyezisoma kwanza. Nimekuwa karani wa shule miaka thelathini. Barua mbovu haipiti kwangu. Sheria zangu zilikuwa tatu: shukuru, changamka, usiombe. Mama yangu alifua nguo za matajiri hapa hapa Philadelphia, naye alinifundisha kwamba mtoaji hapendi kuona mkono wako bado umenyooshwa.

Darasa letu la Jumamosi, ambalo nililitunzia barua na vifaa, lilikuwa katika chumba cha chini ya kanisa, karibu na Mtaa wa Hamsini na Mbili. Watoto kumi na wanne walijifunza kufufua vinanda vibovu na kuvirekebisha sauti. Wafadhili walilipia nyaya, vifaa, nauli za basi, chakula cha mchana, na mshahara wa Lonnie Teague, fundi wa miaka sabini na moja mwenye ulimi mkali kama tupa.

"Nadirah! Hiyo noti inalia kama paka aliyekanyagwa, nawe unacheka?"

"Inalia kwa sababu umeigusa wewe, Mzee Lonnie. Hebu nipishe."

Naye alimpisha. Nadirah Goins alikuwa na miaka kumi na sita, na alisikia kasoro ambazo sisi wengine hatukuzisikia. Fundi mkuu wa ukumbi mmoja wa muziki alikuja kumtazama, akasema akimaliza mwaka wa tatu wa darasa letu aletwe, kazi anayo. Ulikuwa umebaki huo mwaka mmoja tu.

Barua yake ninayo mpaka leo. Aliandika: "Tunaishi kwa shangazi, watu saba, na televisheni haizimwi. Jumamosi ndiyo siku pekee ninayosikia kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nyaya za besi, zile za sauti nzito, bado zinanishinda. Nahitaji mwaka mmoja zaidi. Tafadhali msituchoke. Asanteni."

Nilimwita mezani.

"Mwanangu, hii ni barua ya shukrani au mashtaka?"

"Nimeshukuru, Bi Odessa. Angalia mwisho."

"Umeomba pia. Na mambo ya shangazi yako yanawahusu nini?"

"Si ndiyo ukweli?"

"Si kila ukweli unaanikwa uani. Andika hivi: Sasa ninaweza kurekebisha kinanda peke yangu."

"Lakini siwezi. Nyaya za besi—"

"Wao na nyaya za besi wapi na wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nadirah akaandika upya, polepole, kwa mwandiko mzuri. Wengine nao niliwanyoosha vivyo hivyo. Zikatoka barua kumi na nne za watoto wasio na shida duniani, nikazifunga kwa utepe, nikajisifu.

Machi akaja Bi Carolyn, mjumbe wa wafadhili. Alikuwa na kijitabu chenye barua zetu zote, na juu ya jalada sentensi moja: Sasa ninaweza kurekebisha kinanda peke yangu. Alinikumbatia huku machozi yakimlengalenga.

"Wakubwa wamesoma kila barua," alisema. "Wameona kazi hapa imekamilika. Kuanzia Juni fedha zitakwenda mji mwingine, kwa watoto ambao bado wana shida."

Nilifungua droo, nikampa barua ya kwanza. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma tena.

"Mbona hii hamkututumia?"

Nadhani alihangaika kwa ajili yetu, maana wiki mbili baadaye aliandika kuomba radhi: fedha zilikwisha kuahidiwa kwingine. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja na jalada zuri.

Nilimwambia Nadirah mwenyewe, sikumficha neno.

"Kwa hiyo ni barua yangu iliyotufukuza?"

"Ni yangu. Wako ulikuwa mkono tu."

Alirudi kwenye kinanda chake, akaendelea kukaza nyaya. Afadhali angenitukana.

Lonnie alimsihi fundi wa ukumbini amchukue Nadirah hivyo hivyo, akaambiwa asiyejua besi hapokelewi. Naye Lonnie bila mshahara hakuimudu kodi ya nyumba. Akafunga virago kwenda kwa binti yake aliyeishi kusini, Carolina.

Jumamosi ya mwisho lori la wafadhili lilikuja kuchukua vinanda. Nadirah alikuwa kwenye kile kikubwa kuliko vyote, ameinamia upande wa besi tangu asubuhi. Wapagazi walisimama pembeni wakisubiri. Alikaza waya, akapiga noti, akatikisa kichwa. Akalegeza, akakaza tena.

"Bado kidogo, Mzee Lonnie?"

"Bado, mwanangu," alisema Lonnie, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Bado kidogo."

Wapagazi wakakifunika kinanda blanketi. Vifaa navyo vilikuwa mali ya wafadhili, nami ndiye niliyevipokea kwa orodha. Nadirah alipanguza ufunguo wake wa kukazia nyaya kwa shati lake, akaniwekea kiganjani. Nilitaka kumwambia abaki nao. Nilitaka aniombe, walau mara moja, aniombe chochote.

Alinyoosha mgongo, akanitazama usoni, akatabasamu.

"Asante kwa kila kitu, Bi Odessa," alisema, kama nilivyomfundisha.