Ngege wa Bwawa la Kirumbe Hawajaisha

Usingizi wa jana ulinifikisha maabara nikiwa na koti jeupe juu ya kanga ya kulalia. Kwenye kiti changu amekaa samaki, ngege mzima, maji yanamchuruzika, amekunja mkia kama mgonjwa aliyechoshwa na foleni.

"Dokta Nyangoma," anasema bila kufungua mdomo, "umeandika kwamba nimekwisha."

Kweli, nilikuwa nimeandika. Vipande vya mapezi kutoka Bwawa la Kirumbe vilipimwa vinasaba, na vyote vikaonyesha damu ya sato, samaki wa kuletwa anayezaliana na ngege. Kama ngege halisi hayupo, hakuna cha kulinda. Ndiyo maana Mzee Malegesi, mwenyekiti wa kamati ya bwawa, alikuwa amejiandaa kumwaga sato asubuhi, wazaliane na waliomo mpaka ngege abaki jina tu.

"Mashine haisemi uongo," nikamjibu.

"Sijawahi," ikadakia mashine ya kunakili vinasaba, imeudhika. "Lakini mama, siku ile mchana ulikula nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikula sato wa kukaanga, tena kwa mkono, kisha nikaenda kukata mapezi bila glovu. Nilikuwa nimepima chakula changu cha mchana.

Basi nanawa hadi viwiko, navaa glovu. Ngege ananyoosha pezi mwenyewe, nakata kipande kidogo kama ukucha wa mtoto. Mashine inapasha moto, inapoza, inapasha tena. Kila ikipoza inanakili, na ngege mmoja anakuwa wawili, wanne, wanane, wamejaa mezani na wote wanadai kiti.

"Halisi!" inapiga kelele mashine. "Hana hata tone la sato!"

Nikafungua mlango wa maabara, nje ni Kirumbe. Mzee Malegesi amesimama ukingoni, ameinamisha ndoo ya vifaranga wa sato.

"Panua mdomo," ngege ananiamuru. Nikapanua, akanitemea watoto wake wote humo. Kumbe ndio aliokuwa amewafumbata muda wote ule, maana ngege hulea kinywani. "Siiamini ile ndoo. Na usimeze."

"Dokta," anasema Mzee Malegesi, "kipimo chako kilisema ngege hakuna. Una neno la kuongeza? Kama huna, namwaga."

Nifanyeje? Nikinyamaza, bwawa limekwisha. Nikisema, watoto wa watu wataanguka mbele ya ndoo. Namtazama mama yao. Anatikisa mkia: sema!

"Wapo!" nikapaza sauti, na ngege wadogo wakaruka kutoka kinywani mwangu hadi majini, wale wa mezani wakiwafuata kwa vishindo mpaka Mzee akalowa kofia.

Akaweka ndoo chini. "Hee! Mwanangu, kumbe tulitaka kuzika walio hai!"

Nikaingia majini na kanga yangu, nikacheza, nikapiga vigelegele. Sijawahi kufurahi vile nikiwa macho.

Mume wangu ndiye aliyenitikisa, simu mkononi. "Mama Tabu, amka. Mzee Malegesi yuko bwawani na ndoo zake. Anauliza aendelee?"

Nikafungua mdomo nimjibu, kitu kikanitekenya chini ya ulimi. Nikatema kwenye kikombe cha maji. Kisamaki chenye macho mawili makubwa kikajinyoosha, kikaanza kuogelea.

"Asimwage hata mmoja," nikasema. "Mwambie ngege wapo, na huyu mdogo namrudisha sasa hivi kwao."