Subirini, Haijaisha

Mniwie radhi, lakini ule muziki mimi nilikuwa nimeuchoka. Wakati wote nilipomuuguza baba nyumbani kwangu Matisi, hapa Kitale, ulikuwa unalia kila asubuhi: fidla, tarumbeta, ngoma, okestra nzima na hakuna hata mtu mmoja wa kuimba. Mmarekani fulani aliutunga wakati wa vita vikuu, vita vile vile vilivyompeleka babu Burma asirudi. Baba aliachwa mchanga, mgongoni mwa mama yake. Aliupenda muziki huo tangu sisi tukiwa watoto. Karibu na mwisho muziki hunyamaza kabisa, na hapo baba huinua kidole. "Phelista, subiri." Nami nasubiri na beseni mkononi, mgongo ukiniuma, mpaka tarumbeta moja ianze polepole.

"Siku ya kunizika, ipigwe yote," aliniambia. "Isikatwe." Nikaahidi. Ningesema nini?

Basi alipofariki tukampeleka nyumbani Bungoma, karibu na Kibabii. Nilikuwa nimechoka hadi mifupa. Kaka yangu Mukhwana alikuwa amenuna.

"Mvua inakuja, watu hawajakula, na hii wimbo haina hata haleluya moja! Ati inaisha saa ngapi?"

"Itaisha ikiisha."

Tonny, mwenye spika za matanga, akauwasha muziki. Watu wakavumilia. Senge Nangila, dada ya baba, akasinzia kwenye kiti. Halafu ukafika pale pa kunyamaza, na pasta akarukia maikrofoni.

"Amina! Tusimame tuombe."

Watu wakasimama. Tonny naye akashika waya auchomoe.

"Wewe Tonny, toa mkono hapo!" Nilipiga kelele mbele ya jeneza, bila haya. "Subirini! Haijaisha!"

Kidole changu kilikuwa juu, kama cha baba. Mukhwana alikitazama, uso ukambadilika.

"Pasta," akasema kwa sauti ya chini, "si tungoje kidogo."

Tukangoja sote, tumesimama, matone yakianza kuanguka. Tarumbeta ikaanza. Hapo ndipo nilipolia, maana tangu baba augue sikuwa nimepata nafasi ya kulia.

Sasa nimerudi Matisi. Hakuna wa kugeuzwa wala wa kuoshwa, ningeweza kulala hadi mchana. Lakini naamka saa ile ile, nauwasha ule muziki. Ukinyamaza, hakuna anayeniambia nisubiri. Nasubiri tu.